Mahudhurio ya Jumapili

Jumapili, 17 Novemba

Mvua ya kwanza ya kweli imenyesha leo katikati ya mahubiri, padri akashindana na bati mpaka akakata tamaa akaanza Nasadiki. Nimeamua kuandika daftari hili msimu mzima. La mchezo ninalo jingine, lenye ramani na majina ya wafalme. Hili ni la wachezaji wenyewe, maana naona wana mambo kuliko wahusika wao.

Nijieleze kwanza, ili siku nikilisoma nikiwa bibi kizee nisihangaike. Mimi ni Rosina. Nina steshenari mtaa wa Mazwi, hapa Sumbawanga: natoa kopi, nachapa barua za maombi ya kazi, nalaminisha vyeti. Naishi na mama mtaa wa Izia, na nyuma ya nyumba yetu, ukivuka kijito, kuna shamba aliloacha baba. Ndilo linalotulisha. Steshenari inailisha mashine ya kopi tu.

Mchezo nilijifunza chuoni Iringa. Mnakaa mezani watu watatu, wanne, kila mmoja anakuwa mtu mwingine: mpiganaji, mwizi, mjuzi wa maajabu. Msimulizi anawaambia mlipo. Mbele yenu lango la chuma, nyuma wanakuja majitu, mnafanyaje? Kila mtu anasema anachofanya, dadu ya pande ishirini inarushwa, nayo ndiyo inayosema kama umefaulu au umetumbukia shimoni. Msimulizi ni mimi. Sheria zote nimezitafsiri kwa mkono wangu. Ufalme wangu unaitwa Orumbe. Una misitu ya watu wenye masikio marefu wasiozeeka, una vibeti wanaoyeyusha chuma kwenye tanuru ndefu kama zile za mababu zetu zilizobaki maporini, na chini ya mlima kuna joka limelalia dhahabu.

Mama alikataa neno moja tu, mchawi. "Hilo halitajwi sebuleni kwangu, hata kwa mchezo. Watu wanatusema Sumbawanga hivyo hivyo bila sisi kuwasaidia." Kwa hiyo tunasema mjuzi.

Wachezaji ni watatu. Kaka yangu Isdori ni Halidan, askari wa deraya aliyeapa mbele ya madhabahu kwamba hatasema uongo maisha yake yote. Mke wake Coleta ni Sefira, mjuzi. Coleta ni wifi yangu lakini kabla ya hapo alikuwa rafiki yangu, tangu kidato cha kwanza. Mimi ndiye niliyemleta kwetu likizo, Isdori akamwona. Wa tatu ni Leonsi, mtoto wa baba mdogo, dereva wa bodaboda. Yeye ni Kidole, mwizi, na hajapata kukutana na mfuko asioutia mkono. Mama hachezi. Anakaa kwenye kigoda karibu na mlango, anachambua maharage, na mtu akianguka shimoni anacheka kuliko wote.

Jumatano, 20 Novemba

Nimepanda mahindi upande wa juu. Mgongo.

Jumapili, 24 Novemba

Kabla hatujaanza, Isdori kaleta tena habari ya kuuza shamba. Anataka kununua mashine ya kukoboa na kusaga. Anasema amepata mnunuzi, mfugaji mmoja aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Usukuma, mtu mwenye adabu na mwenye haraka.

"Lile ni shamba la baba," nikamwambia.

"Baba hali tena mahindi, Rosina."

"Mama anakula. Na mimi nakula. Kuuza shamba la ukoo kunataka kikao, wote tukubali, na mimi sikubali. Nimemaliza."

Mama aliendelea kuchambua maharage. Coleta akasema, "Jamani, vibeti wanatusubiri." Isdori akacheka, akaniambia nina kichwa kigumu kama cha baba, nikachukulia ni sifa. Nilijua nimeshinda. Mwaka juzi aliuza ng'ombe wa jembe akanunua pikipiki, pikipiki ikafia njia ya Matai. Kaka yangu anapenda vitu vyenye injini, ila injini hazimpendi.

Tulicheza mpaka saa kumi na mbili. Halidan aliulizwa na mlinzi wa daraja kama wamebeba silaha, na kwa sababu ya kile kiapo akasema ndiyo, wakafungwa wote. Leonsi karibu alie. "Kaka, huyo mtu wako mkweli atatuua!"

Jumapili, 1 Desemba

Mvua. Leonsi hakuja, kapata abiria wa kwenda Laela.

Jumapili, 8 Desemba

Ugomvi wa pointi. Anayehudhuria anapata pointi za uzoefu, na mhusika wake anapanda ngazi. Leonsi leo anadai za Jumapili iliyopita, eti alikuwepo "kwa roho". Nikamwonyesha karatasi: kila anayeingia anasaini mahudhurio kwanza, jina na sahihi, na jina lake halipo.

"Sista, wewe ni msimulizi au ni mtendaji wa kata?"

"Nchi hii hata kikao cha kugawana ndizi kina mahudhurio," nikamjibu. "Hujasaini, hukuwepo."

Mama naye huweka dole gumba kila Jumapili. Nilimwandika mwenyewe, kwa heshima, chini ya jina lake nikaweka "mlezi". Analipenda lile neno. Hunawa mikono kabisa kabla ya kugusa wino.

Halidan na wenzake wametoka kifungoni. Isdori alizungumza na mfalme wa vibeti vizuri mno, kwa upole, akimpigia makofi ya heshima kama tunavyowasalimia wazee wetu, mpaka nikasahau kwamba mfalme ni mimi. Nikampa pointi za ziada. Kaka yangu akiwa Halidan ni mtu ninayempenda sana.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Coleta kapika wali na kuku, tumekula wote kwetu. Mvua haikukatika.

Jumapili, 5 Januari

Mvua ya mawe imepiga mahindi ya juu. Ya bondeni yamepona.

Coleta amekuja mapema kunisaidia kupanga meza. Nilikuwa nimechapa karatasi mpya za mahudhurio, nzuri, zenye kichwa "SAFARI YA ORUMBE" na joka dogo pembeni. Akazitazama, akasema mbona najipa kazi, wino wa rangi ni ghali, andika tu MAHUDHURIO na tarehe, inatosha. Tena zinapotea ovyo, zimejaa chini ya kabati. Yeye ana faili nyumbani, ataziweka vizuri, si ndiye katibu wa jumuiya? Kweli mwandiko wa Coleta na mpangilio wake vinanizidi. Nikampa zote.

Nimefurahi. Nilikuwa nadhani yeye anacheza kwa sababu ya mumewe tu.

Jumapili, 12 Januari

Wote wamefika kabla ya saa nane. Isdori kaleta soda. Sijui kaona nini.

Jumapili, 19 Januari

Wote tena. Soda tena.

Jumapili, 26 Januari

Leo ulikuwa mchezo bora kuliko yote niliyowahi kuendesha. Naandika mkono ukiwa bado na moto.

Walifika kwenye Daraja la Vibeti, chini yake moto. Joka limeamka. Sefira anasema maneno ya kuzuia moto, anarusha dadu, inaangukia moja. Moja! Coleta akashika kichwa. Halidan akasimama katikati ya daraja akaliita joka kwa jina lake, akaliambia ukweli wote: sisi ni watatu, tumechoka, tumekuja kuchukua kilichokuwa cha wenyewe. Akarusha, ishirini. Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Joka likanyamaza, likawapisha.

Nina mambo mawili madogo. Leonsi hakutaka kusaini. Alishika kalamu, akaizungusha, akasema leo hataki pointi. Nikamwambia acha utoto, ukisema hutaki leo utazidai mwezi ujao. Akamtazama Isdori. Isdori akasema, "Saini, bwana." Akasaini.

La pili ni mama. Hakucheka hata mara moja, hata dadu ilipotoa moja. Nilimuuliza kama anaumwa, akasema ni magoti, ni mvua.

Jumapili, 2 Februari

Isdori ana safari. Hatukucheza.

Jumapili, 9 Februari

Coleta, mtoto anaumwa. Leonsi, pikipiki. Hatukucheza. Nimechora upya ramani ya mlima.

Jumapili, 16 Februari

Hatukucheza. Nimeanza kupiga ntumba. Mtu wa kwingine akituona huenda anadhani tunacheza udongo: unakata majani marefu ya msimu, unayakusanya, unayafunika kwa udongo kwa jembe mpaka panakuwa na tuta la mviringo, moja baada ya jingine, shamba zima. Majani yanaozea ndani. Juu unapanda maharage mwaka huu, na Novemba unayapasua matuta na kuyatawanya, unapanda ulezi au mahindi juu ya rutuba hiyo. Kazi ya leo ni chakula cha mwaka kesho. Baba alikuwa anasema asiyepiga ntumba amekwisha kuaga.

Nilimwambia mama aje tushirikiane kama kila mwaka. Magoti.

Jumapili, 23 Februari

Matuta sitini. Hatukucheza. Nilimwona Isdori sokoni, akanipungia mkono akakata kona.

Jumapili, 2 Machi

Nimeweka meza, nimechemsha chai, nimengoja. Hakuna aliyekuja wala aliyepiga simu. Chai tumekunywa mimi na mama. Nikamwambia labda mchezo wangu umewachosha. Akasema, "Si mchezo." Nikamuuliza kumbe ni nini, akasema mvua.

Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika yote kwa mpangilio, kama ilivyokuwa.

Nilikuwa shambani tangu asubuhi, tuta la mia na kitu. Akaja mtu mrefu mwenye fimbo na koti la mvua, akasimama ng'ambo ya kijito, akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, dada," halafu kwa Kiswahili. Alisema anaitwa Masunga. Akatazama matuta yangu kwa muda.

"Dada, samahani nikuulize. Haya si ya mwaka kesho?"

"Ndiyo."

"Nina miaka sita huku, nimejifunza kidogo. Mfipa akipiga hivi, Novemba anarudi." Akavua kofia. "Sasa mimi niliambiwa mtavuna mahindi mniachie. Ndiyo maana nimeshtuka."

Nikamwambia amekosea shamba. Hakubisha. Alitoa bahasha ya plastiki ndani ya koti, akafuta mikono, akanipa karatasi. Mkataba wa mauziano. Nyuma yake muhtasari wa kikao cha ukoo, kurasa mbili, mwandiko mzuri, ulionyooka, mwandiko ninaoufahamu tangu tulipokuwa tunanakili notsi za Baiolojia pamoja: kwamba tarehe 26 Januari familia ya marehemu ilikaa nyumbani kwa mama mjane, ikajadili, ikaridhia kwa kauli moja. Na nyuma ya muhtasari, kopi ya mahudhurio.

Ni karatasi yangu. Neno MAHUDHURIO nimeliandika mimi. Isdori, Coleta, Leonsi, mimi. Dole gumba la mama, limeandikwa mlezi. Pembeni kuna duara la kikombe cha chai cha Leonsi, hata hilo limetoka kwenye kopi. Wametoa kopi kwenye duka la mtu mwingine, yenye mistari meusi, ya hovyo. Ningeitoa mimi ingetoka safi.

Masunga aliona uso wangu. Akasema taratibu, "Dada, hii sahihi siyo yako?"

Nikamwambia ni yangu.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda misa. Nilikwenda kwa Isdori kabla hawajatoka.

Hakukataa, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, nikapewa kiti.

"Rosina, ungekubali kwa njia nyingine?"

"Nilisema hapana."

"Ndiyo maana." Akaongea kwa upole ule ule aliomwongelea mfalme wa vibeti. "Nina miaka arobaini na moja. Kila nikikaa na watu wa rika langu, wao wana kitu, mimi nina stori. Mashine ikikaa sawa nitamnunulia mama shamba jingine, kubwa kuliko lile."

"Ulikuwa unaleta soda."

Hapo ndipo alipotazama chini. Katika yote, aliona haya ya soda.

Coleta alikuwa jikoni, mgongo kwangu. Nilimwambia mengi, mengine siyaandiki humu. Nilimkumbusha nani alimfundisha hesabu, nani alimtetea kwa mama alipokuja na mimba kabla ya ndoa. Akasema, "Wifi, mimi nimeolewa." Miaka yote aliniita Rosina. Leo ndiyo mara ya kwanza kuniita wifi.

Nilitembea kurudi huku mvua inaninyeshea na sikuisikia. Mezani ni mimi ninayejua kilichopo nyuma ya kila mlango, ndiyo kazi ya msimulizi. Wao hukaa wanabahatisha. Na Jumapili ile ya daraja, nikipiga kelele za furaha, kila mtu chumbani alijua kilichopo nyuma ya mlango, isipokuwa mimi. Nimesalitiwa na watu niliokuwa nawapigia makofi. Kikulacho ki nguoni mwako, nimeisikia tangu utoto na sikujua inauma hivi.

Mama nimemwambia tu kwamba Isdori kaghushi kikao. Akasema, "Mungu wangu," akajifunika kanga.

Jumanne, 11 Machi

Leonsi kaja steshenari, kofia ya pikipiki kifuani. Nimekuwa nikimdharau huyu kijana. Nilidhani ni mtu wa mzaha tu, mwizi mezani na mzembe njiani. Leo amelia mbele ya wateja.

"Dada, walinipa hela ya matairi. Nikasema mimi sisemi kitu, nasaini tu kama kawaida. Nikajidanganya kwamba nasaini mchezo."

"Utasema hivyo kwa mwenyekiti wa mtaa?"

"Nitasema. Haki ya Mungu, nitasema."

Nimepeleka malalamiko. Tumeitwa Alhamisi ya wiki ijayo. Nina Leonsi, na nina mama, aliyekuwa pale mlangoni kila Jumapili, aliyesikia kila neno. Mashahidi wawili wanatosha. Masunga naye kakubali kungoja, amesema hataki kununua machozi.

Jumanne, 18 Machi

Nimepanda maharage juu ya matuta yote. Wakitaka wayang'oe.

Alhamisi, 20 Machi

Ofisi ya mtaa ina benchi mbili. Mimi na Leonsi tulikaa moja, Isdori na Coleta moja, mama katikati kwenye kiti cha plastiki. Mwenyekiti, Bwana Kasmir, ni mtu mzima, anavaa miwani kwa kamba, na hana ubaya na mtu.

Aliniuliza kama sahihi ni yangu. Nikasema ndiyo, ila kilikuwa si kikao, kilikuwa mchezo, na nikampa daftari la mchezo, ukurasa wa tarehe 26 Januari, kama uthibitisho. Alisoma kwa sauti. Sikufikiria kwamba angesoma kwa sauti.

"'Joka limeamka. Sefira kashindwa kuzuia moto. Kidole kaiba funguo za vibeti.'" Akashusha miwani. "Binti, hii ndiyo unayonipa kama ushahidi?"

Watu waliokuwa wanangoja barua dirishani walicheka, na mmoja akauliza funguo zilipatikana au bado. Nina miaka thelathini na nne. Nilitamani sakafu ipasuke.

Isdori akasimama. "Mwenyekiti, mchezo tunacheza, sikatai. Ni wa dada, tunampenda, tunamfurahisha. Lakini siku ile tulianza na kikao. Tulipomaliza ndipo tukacheza." Alisema hivyo akinitazama machoni, kwa sauti ya Halidan. Sauti ile niliilea mimi, Jumapili kwa Jumapili, kwa pointi za ziada.

Coleta akasema, "Mimi nilikuwa katibu. Niliandika yaliyosemwa." Akakaa.

Leonsi akaulizwa. Alizungusha kofia yake mara mbili, tatu. "Mimi nilichelewa kufika. Ya mwanzo sikuyasikia." Nilimwita kwa jina. Hakugeuka.

Bwana Kasmir akapumua. "Basi tumalizie kwa mama mwenye nyumba, yeye hachelewi nyumbani kwake." Nikashukuru moyoni. Kweli nilishukuru, nilisema asante Mungu, kwa sababu mama hasemi uongo, mama anaogopa hata kutaja neno baya sebuleni.

"Shikamoo mama. Siku hiyo kikao kilikaliwa?"

"Marahaba, baba. Kilikaliwa."

"Wakakubaliana?"

"Wakakubaliana."

"Na huyu Rosina?"

Mama alikuwa anaangalia mikono yake. "Na Rosina," akasema.

Bwana Kasmir alinieleza kwa huruma kwamba maharage niliyopanda nitayavuna, hilo Masunga amelikubali mwenyewe, na kwamba nisiporidhika njia ipo, niende Baraza la Ardhi. Nikauliza huko nitamshtaki nani. Akahesabu kwa vidole: kaka yako, mnunuzi, na wote waliosaini muhtasari.

"Na mama?"

"Dole lake lipo, binti."

Ijumaa, 21 Machi

Nilimuuliza asubuhi, akiwa anawasha moto. Sikumpigia kelele. Nilitaka kujua tu.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Krismasi."

Alichochea kuni. Halafu akasema, "Wewe una akili, Rosina. Una kazi, una mashine zako, hata nikifa leo hutalala njaa. Isdori hajashika kitu kikasimama. Mtoto anayeanguka ndiye anayeshikwa mkono."

"Na mimi?"

"Wewe husimama."

Kumbe hilo ndilo kosa langu. Ningeanguka mara mbili tatu, ningeuza ng'ombe wa jembe, ningekuwa na mama. Nimelia dukani nikijifanya natengeneza mashine. Isdori simchukii kama nilivyotegemea. Yeye nimemjua miaka yote, nilikuwa nimejisahaulisha tu. Coleta namchukia, sitaficha. Ila mama sijui nimweke wapi. Nalala chumba cha pili, nakula alichopika.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua ndogo. Maharage yametoa maua.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Wamekuja kula, mimi nilikwenda kula kwa jirani.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua zimeisha. Mashine ya Isdori imefika na imefungwa karibu na barabara. Inasikika mpaka kwetu. Watu wanapanga foleni, na inafanya kazi vizuri. Niliomba iharibike, na sitamwambia padri.

Jumapili, 18 Mei

Leonsi kapita nje ya duka mara tatu. Ya tatu akasimama, akauliza kama Jumapili moja tutamalizia, maana wahusika wetu bado wako darajani. Nikamuuliza kama anataka kopi. Akasema hapana. Nikamwambia basi asizuie wateja.

Jumamosi, 7 Juni

Baridi ya asubuhi hii ilikuwa ya kukata vidole. Nimevuna maharage leo, ya mwisho. Nilikuwa nimeshaanza mama alipotokea na kikapu, magoti na yote, akavuka kijito peke yake. Sikumwita. Akashika tuta la pembeni yangu akaanza kung'oa.

Tulifanya kazi mpaka jua likawa utosini. Halafu akauliza, bila kuinua kichwa, "Lile joka, lilitoka mlimani?"

"Halijatoka."

"Ah." Akang'oa, akakung'uta udongo. "Jumapili nyumba iko kimya mno. Hutawaita tena?"

"Nimwite nani, mama? Mchezo ule mtu hauchezi peke yake."

Akasogea tuta la pili, nikadhani yameishia hapo. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Mimi nipo. Dadu naweza kurusha."

Nilimtazama. Alikuwa ameshika mashina ya maharage kwa mikono miwili na ananitazama kama mtu aliyebisha hodi. Nikainama, nikaendelea kung'oa. Yalikuwa yamebaki matuta manne, na Masunga alikuwa amesimama ng'ambo ya kijito na ng'ombe wake, anangoja kwa adabu tumalize.